Kabla Hujaingia Katika Ulimwengu Pepe wa Kujifunzia: Mambo ya Kuzingatia

Walimu na wanafunzi wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaotaka kuujaribu ulimwengu pepe, yaani mahali pa kuigizwa ndani ya kompyuta panapotembelewa kupitia intaneti, huanza kwa kuuliza avata yao, yule mtu wa kuchorwa anayewawakilisha humo, ivae nini. Swali hilo lingoje. Second Life, ulimwengu pepe uliofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco na ambao vyuo kadhaa vimewahi kuutumia kufundishia, hautozi chochote kwa kujiandikisha, na ndiyo maana wengi huingia wakidhani hakuna gharama.

Tafuta kompyuta yenye kadi ya michoro inayojimudu. Tumia kipanya, kwa sababu kuongoza avata kwa kidole ni kujitesa. Chaji betri hadi ijae, kwani umeme haukuahidi mtu chochote. Jina la kuingilia lichague kwa utulivu, kwa kuwa halibadilishwi bure, wala usiweke ndani yake jina lako kamili au la shule yako.

Sasa bando, ambalo ndilo lililonifanya niandike haya. Katika michezo mingi ya kompyuta, majengo na miti huwa tayari yamo ndani ya programu uliyoipakua. Katika Second Life, karibu kila ukuta, jani na vazi vimetengenezwa na watumiaji wenyewe, vinatunzwa kwenye seva, yaani kompyuta za mbali, na vinashushwa kwenye kompyuta yako kadiri unavyosogea. Mwalimu mmoja wa jiografia, upande wa Tukuyu, aliwaandalia wanafunzi wake ziara ya volkano ya kuigiza. Alinunua bando la wiki, akaiweka simu dirishani, mahali pekee ambapo mtandao ulikuwa ukishika vizuri, kisha akaunganisha kompyuta sita kwenye hotspoti hiyo moja. Usiku uliotangulia alikuwa ameijaribu safari hiyo nyumbani kwa kompyuta yake na mambo yakaenda sawa. Jambo ambalo hakulipigia hesabu ni kwamba kila kompyuta hushusha nakala yake yenyewe, hivyo volkano moja ikawa inavutwa mara sita kupitia simu moja. Avata ambayo haijamaliza kushushwa huonekana kama wingu, na wanafunzi walikaa wakiyatazama mawingu sita juu ya uwanja wa kijivu, hadi binti mmoja akauliza, “Mwalimu, mbona mimi ni moshi?” Ujumbe wa bando kuisha uliingia kabla mlima haujajitokeza. Na Mlima Rungwe, ambao ni volkano halisi, ulikuwa umejifunika ukungu nje ya dirisha, kwa hiyo siku hiyo hata huo haukuonekana.

Basi, tembelea mahali unapokusudia kwenda mapema, kwa kila kompyuta itakayotumika, wakati una intaneti nafuu. Programu hutunza kwenye diski sehemu kubwa ya vitu ilivyokwisha kuvishusha, na ziara ya pili hula kidogo kuliko ya kwanza. Katika mipangilio, punguza umbali wa kuona hadi mita 64, kwa maana eneo moja lina upande wa mita 256 na huna haja ya kuliona lote kwa mkupuo. Zima muziki na video. Kwa shule ya sekondari ningeshauri kwanza OpenSimulator, programu huria ya kuendeshea ulimwengu pepe wako mwenyewe, iliyoanza mwaka 2007, ambayo inaweza kuwekwa kwenye kompyuta moja ya maabara na nyingine zikaunganishwa nayo kwa waya, bila bando kabisa. Kuisimika kunahitaji mtu anayejua kompyuta vizuri, lakini mtu huyo utamlipa mara moja.

Angalia saa pia. Matukio ya Second Life hutangazwa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Mhadhara wa saa nne asubuhi kwao huwa saa tatu usiku kwetu, na kati ya Machi na Novemba, wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele, huwa saa mbili usiku. Sisi hatubadilishi saa, kwa hiyo hesabu upya kila msimu, hasa kama umewaomba wazazi waruhusu watoto wabaki.

Siku ya kwanza jifunze kutembea, kuketi na kuigeuza kamera tu. Mahali palipokufaa pahifadhi kama alama, maana kuparudia kwa kukumbuka ni shida. Maeneo yamegawanywa katika madaraja matatu kulingana na maudhui. Mgeni, na hasa mwenye wanafunzi, abaki kwenye lile la watu wote, na asome masharti ya umri kabla ya kumwandikisha yeyote. Fedha ya humo hubadilishwa kuwa dola halisi, kwa hiyo matapeli wapo. Usibofye kiungo ulichotumiwa na mtu usiyemjua, usikubali kitu cha bure kinachoomba ruhusa ya kutoa fedha kwenye akaunti yako, na nenosiri lako usimpe mtu, hata akijitambulisha kuwa ni mhudumu wa huko.