Somo: Farasi wa ziwani na mashindano katika hadithi ya vijana

Wandugu, hadithi nyingi mnazonionyesha zina farasi wa macho ya moto na meno ya simba, na bado msomaji haogopi. Kinachotisha ni sharti: jambo moja ambalo mpandaji akilikosea, amekwisha.

Hatua ya 1. Weka sharti. Waskoti husimulia farasi wa maji, each-uisge. Hutoka ziwani mzuri, mtulivu, anakubali kupandwa. Akinusa maji tu, ngozi yake inamnata mpandaji. Anazama naye, anamla, ini pekee linaelea. Msomaji akishajua hilo, kila kona ya barabara inamtia hofu.

Hatua ya 2. Tafuta sharti la hapa Goma. Tuna mazuku, hewa nzito isiyo na rangi wala harufu, inayotulia mabondeni na kuua mbuzi, hata watu. Gesi hiyo imejaa pia chini ya Ziwa Kivu, pamoja na metani. Farasi wako atoke humo, mazuku yawe ndiyo pumzi yake. Farasi hupumua kwa pua tu. Basi kila akishusha kichwa bondeni anaongeza nguvu, na mpandaji akianguka hapo hainuki. Tumieni muda wenu mwingi kwenye hatua hii.

Hatua ya 3. Chora njia ya mashindano: mawe ya volkano ya 2002 yalipita katikati ya mji hadi ziwani. Yafuate.

Hatua ya 4. Sababu ya kukimbia. Minervali, yaani karo ya shule, ya mdogo wa mpandaji inatosha.

MASWALI

Yaya, mpandaji akianguka, farasi wake ametolewa?
Amua mapema. Kule Siena, Italia, katika mbio za farasi za Palio za tarehe 2 Julai na 16 Agosti, farasi aliyemwangusha mpandaji anaweza kushinda peke yake. Kwako, familia ya marehemu italipwa zawadi?

Sijawahi kupanda farasi. Nitaandikaje?
Masikio yakilala nyuma, amekasirika. Haoni kilicho mbele kabisa ya paji lake wala nyuma ya mkia. Kuhusu kasi ya mteremko, kaa na vijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, waulize mwili unafanya nini mzigo unapowasukuma.

Mwishoni naweza kumfanya farasi mpole, kwa sababu msichana anayempanda anampenda?
Hapana, dada. Ampende, na farasi naye amzoee, lakini wakifika bondeni sharti lifanye kazi yake.