Mtoto ajue mwili wake kabla ya Desemba

Pa kuanzia ni beseni la kuogea. Mtoto wa miaka 2 au 3 anayetaja pua na goti afundishwe pia uume, korodani, uke na mkundu, kwa sauti ileile. Ukinong'ona au kucheka hapo tu, ameshaelewa kuwa kuna aibu. Majina ya kuficha humponza: akimwambia mwalimu "kaka ameshika kitumbua changu", mwalimu atadhani wamegombania chai ya saa nne.

Akiuliza mtoto hutoka wapi, usimwambie mlimnunua hospitali ya Mawenzi. "Tumboni" nako humchanganya, maana wengine hudhani mama kammeza. Sema: anakulia kwenye mfuko wa uzazi, hutoka kupitia uke, au daktari humtoa kwa upasuaji. Jibu alichouliza, basi. Akitaka zaidi atarudi.

Kufikia miaka 5 ajisafishe mwenyewe chooni. Wa kike apanguse kutoka mbele kwenda nyuma, vinginevyo uchafu huingia njia ya mkojo. Hapo ndipo umwambie: sehemu za chupi ni zako, na daktari huziangalia mzazi akiwepo.

Jambo hili Moshi lina msimu wake. Desemba ndugu wanarudi nyumbani, nyumba inajaa, watoto wanalazwa popote penye godoro. Kumwonya kuhusu watu asiowajua hakutoshi, kwani wengi wanaodhuru watoto ni watu wa karibu. Panga mapema nani analala wapi. Usimlazimishe kupakatwa wala kubusiwa. Shikamoo inatosha, hata bibi akinuna. Mfanyishe mazoezi kwa sauti: "Sitaki! Namwambia mama." Achague watu wazima watatu wa kuwaambia, mmoja asiwe wa nyumbani. Zawadi ya kushtukiza ina siku ya kufunguliwa; siri ya kuguswa haina, kwa hiyo haitunzwi.

Hedhi isimkute hajaambiwa. Baadhi huanza na miaka 9, hivyo zungumza akiwa na 8, wa kiume pia.

Akisema ameguswa, msikilize bila kumhoji mara kumi. Ikiwa ameingiliwa, usimwogeshe. Nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi. Mfikishe hospitali ya Mawenzi, au ya Mount Meru mkiwa Arusha, haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili dawa za kuzuia VVU zifae. Polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bure.