Intaneti ya Nyumbani Inapokatikakatika Baada ya Kusasisha Programu ya Ruta

Ruta iliyokufa kabisa haimsumbui mtu kwa muda mrefu, kwa sababu hitilafu yake iko wazi. Inayochosha ni ile ambayo, baada ya kusasishwa, hufanya kazi vizuri kwa dakika 20, ikanyamaza kwa dakika 2, kisha ikarudi yenyewe kabla hujainuka kitini. Kishawishi cha wakati huo ni kubadilisha mipangilio mitano kwa mpigo. Hata tatizo likitoweka, hutajua ni badiliko lipi lililoliondoa. Tafuta kwanza mahali hasa mawasiliano yanapokatikia, ndipo uguse mpangilio mmoja, usubiri na kuangalia kabla ya kugusa mwingine.

Anza kwa kuchomoa umeme wa ruta na wa modemu (chombo kinachopokea intaneti kutoka kwa mtoa huduma), kama ni vyombo viwili tofauti, kwa muda wa nusu dakika. Washa modemu kwanza, ingoje itulie, kisha uwashe ruta. Hatua hii ikitosha, hakuna haja ya kuendelea.

Isipotosha, unganisha kompyuta moja na ruta kwa kebo, na nyingine kwa Wi-Fi. Katika kila moja fungua madirisha mawili ya amri (Command Prompt kwenye Windows, Terminal kwenye Mac na Linux): la kwanza liendelee kuiuliza ruta yenyewe, kwa mfano kwa amri ping -t 192.168.1.1 kwenye Windows, na la pili liulize anwani iliyo nje ya nyumba, kama vile 1.1.1.1. Kwenye Mac na Linux amri hiyo huendelea bila kikomo hata bila kuandika -t. Ikiwa ruta yako inatumia anwani nyingine, amri ya ipconfig kwenye Windows itakuonyesha anwani ya lango la mtandao wako, nayo ndiyo ya ruta. Yaache madirisha hayo hadi mkato utokee, kisha usome yanachosema. Kompyuta ya Wi-Fi ikipoteza majibu ya ruta ilhali ile ya kebo inayapata, kasoro iko hewani, yaani kwenye Wi-Fi. Zote mbili zikiipata ruta lakini zikapoteza anwani ya nje, kasoro iko kati ya ruta na mtoa huduma. Na ikiwa majibu yote yanafika lakini tovuti hazifunguki kwa majina yake, shuku seva ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari, uone kama anwani za DNS ulizokuwa umeziweka zimefutwa na toleo jipya. Saa moja ya kuangalia hivi ina faida kuliko jioni nzima ya kubahatisha.

Mara nyingi jibu huangukia kwenye Wi-Fi, na hapo inafaa kukaa kidogo. Sasisho linaweza kurudisha uchaguzi wa chaneli, yaani sehemu ya masafa ambayo ruta hurushia, kwenye hali ya kujiendesha, hata kama wewe ulikuwa umeichagua kwa mkono. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, tumia chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, na upana wa megahezi 20. Upana wa 40 huahidi kasi, lakini palipo na majirani wengi huleta mikato. Kwenye gigahezi 5, tatizo linaweza kuwa rada: chaneli za 52 hadi 144 hutumiwa pia na mitambo ya rada, hivyo ruta inapodhani imesikia rada hulazimika kuihama chaneli, na kabla ya kutumia nyingine ya kundi hilo husikiliza kwa angalau sekunde 60 bila kurusha chochote. Mtumiaji huona tu kwamba Wi-Fi imepotea kwa dakika moja hivi na kurudi. Ukichagua chaneli 36, 40, 44 au 48, kwa upana usiozidi megahezi 80, unaliepuka jambo hilo kabisa.

Angalia pia aina ya ulinzi. Ikiwa toleo jipya limewasha WPA3, aina mpya zaidi ya ulinzi wa Wi-Fi kuliko WPA2, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, simu na printa za zamani zinaweza kuunganishwa na kuachwa mara kwa mara. Rudisha WPA2 yenye AES (njia yake ya kusimba data) kwa siku moja uone. Vivyo hivyo, kama masafa mawili yameunganishwa chini ya jina moja, kifaa kinaweza kuhamahama kati yake, na kila kuhama kukawa mkato mfupi. Yape majina tofauti wakati wa uchunguzi.

Kasoro ikiwa upande wa mtoa huduma, linganisha aina ya muunganisho, jina la mtumiaji na namba ya VLAN (namba ambayo baadhi ya watoa huduma hutumia kutenganisha mawasiliano kwenye laini), ikiwa inatumika, na ulivyopewa mwanzoni. Muunganisho wa PPPoE, ule unaoingia kwa jina la mtumiaji na nenosiri, hutumia baiti 8 za kila pakiti (kifurushi cha data), kwa hiyo kikomo cha kawaida cha ukubwa wa pakiti, kiitwacho MTU kwenye mipangilio, ni baiti 1492 badala ya 1500. Sasisho likikirudisha kwenye 1500, tovuti nyingine zitafunguka na nyingine zitakwama, hali inayofanana sana na mkato. Kwenye Windows jaribu ping -f -l 1464 1.1.1.1. Ikipita, pakiti za 1492 zinapita. Ikikataa, punguza namba hiyo kidogo kidogo hadi ipite, kisha uongeze 28, baiti za vichwa vya pakiti ambazo amri hiyo haizihesabu, upate kikomo chako.

Kifaa kikionyesha anwani inayoanza na 169.254, maana yake kimeomba anwani na hakikujibiwa. Hakikisha ugawaji wa anwani (DHCP) umewashwa kwenye ruta, na kwamba hakuna chombo kingine nyumbani kinachogawa anwani zake. Ruta mbili zinazogawa anwani katika mtandao mmoja ni chanzo cha vurugu ambacho watu hukisahau kabisa.

Yote hayo yakishindikana, rejesha mipangilio ya kiwandani. Mipangilio ya toleo la zamani wakati mwingine haipatani na programu mpya, na kuwasha upya hakuifuti. Andika kwanza kwenye karatasi jina la mtumiaji na nenosiri la muunganisho, kisha, baada ya kurejesha, ingiza kila kitu kwa mkono. Usipakie nakala ya akiba iliyotoka kwenye toleo la zamani, kwani utakuwa unalirudisha lile lile ulilokusudia kuliondoa.

Kurudi kwenye toleo la awali ni hatua ya mwisho, na si kila ruta huiruhusu. Pakua faili kutoka kwa mtengenezaji pekee, ikilingana na modeli na toleo la maunzi vilivyoandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, tumia kebo, na usikate umeme hadi ruta ijiwashe upya. Kwa kuwa toleo la zamani huenda lina mianya ya usalama iliyozibwa na lile jipya, zima uwezo wa kuisimamia ruta kutoka nje ya nyumba, na ulisasishe tena mara mtengenezaji atakapotoa marekebisho.