Umeolewa Marekani ukabadili jina? Panga karatasi zako kabla hujaenda kujiandikisha kura

Wadada mlioko Marekani ambao mshapata uraia, hii ni yenu. Kwetu pwani mwanamke hata akiolewa anabaki na jina la babake, ila huku wengi tunachukua la mume, afu siku ya kujiandikisha kura karatasi zinaanza kugombana zenyewe kwa zenyewe.

Majimbo mengi fomu inakutaka uape tu kwamba we ni raia, basi. Ila Arizona wanadai uthibitisho wa uraia tangu kura ya maoni ya 2004, na New Hampshire walipitisha sheria yao 2024, ilipofika chaguzi za miji Machi 2025 kuna wanawake walirudishwa nyumbani sababu cheti cha kuzaliwa kina jina la usichana na leseni ya udereva ina la mume. Na muswada wa SAVE, unaotaka uthibitisho huo nchi nzima, ulipita Bunge la Wawakilishi Aprili 2025, kura 220 kwa 208.

Sasa toa karatasi zote uzitandaze kitandani, usome majina herufi kwa herufi. Tuseme cheti cha uraia kinasema Mwanaisha Omari Hamisi na leseni inasema Mwanaisha Johnson. Karani atajuaje kama huyo ni mtu mmoja? Anachohitaji ni cheti cha ndoa chenye muhuri, sio fotokopi, na sio ile karatasi ya nikaha mliyopewa msikitini. Hapa ndo wengi wanaanguka: kama hamkuchukua leseni ya ndoa kaunti, shehe akasaini, ikarudishwa kwa karani, basi kiserikali cheti hamna hata kama biriani lililiwa. Mlifungia ndoa Tanzania au Kenya, leta cha huko, na kama ni Kiswahili kitupu kitafsiriwe. Na kama umeolewa mara mbili unatakiwa kuonyesha kila hatua, ndoa ya kwanza, hati ya talaka ya mahakama, ndoa ya pili, usiruke hata moja.

Anza na kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii), ni bure, ndo uende DMV, ofisi ya leseni za udereva, kubadili leseni. Afu pasipoti, na mi naona hii ndo njia fupi kuliko zote maana peke yake inaonyesha uraia na jina la sasa. Kama haijatimiza mwaka tangu itoke na jina limebadilika ndani ya huo mwaka unajaza DS-5504, haina ada. Ikishapita mwaka ni DS-82, dola 130 kwa bei ya 2025. Unatuma na cheti cha ndoa chenyewe, usiogope, wanakirudisha. Kubadili jina kwenye cheti cha uraia ni fomu N-565, na ada yake inauma, zaidi ya dola 500, kwa hiyo ukiwa na pasipoti achana nayo.

Usidanganyike na ile nyota ya REAL ID kwenye leseni ukadhani inathibitisha uraia, hata mwenye grinikadi (mkaazi wa kudumu asiye raia) anapewa.

Na wewe ambae bado una grinikadi, DMV wakikuuliza kama unataka kujiandikisha kura sema hapana, hata kama mhudumu kakusukumia fomu. Subiri N-400, fomu ya kuomba uraia, pale kwenye jina andika la ndoa kabisa na uambatanishe cheti cha ndoa, cheti cha uraia kitoke nalo hilo hilo.