Ukistaafu, Usijiegeshe

Nimeendesha magari ya serikali miaka 33, na yadi ilinifundisha kwamba gari lililoegeshwa miezi sita huharibika kuliko lililokwenda Kigoma na kurudi. Betri inakufa, tairi zinabonyea upande mmoja, panya wanatafuna nyaya. Nilistaafu kwa mujibu wa sheria nikiwa na miaka 60, nikarudi nyumbani Majengo, hapa Moshi, nikajiegesha: kiti cha plastiki barazani, chai ya maziwa, maandazi manne, redio. Mwezi wa tatu nikamsindikiza mke wangu kupima sukari. Nesi akasema, "Na wewe baba, kaa hapo nikupime." Presha ikasoma 168 kwa 102. Na sikuwa nasikia lolote, hata kichwa hakikuuma.

Basi haya ni kwa dereva mwenzangu, karani, mwalimu, yeyote aliyebakiza mwaka mmoja au miwili. Anza kabla hujakabidhi funguo.

Kwanza tafuta pa kwenda, hata kama hapana hela. Mimi nilizoea safari, mke wangu alizoea nyumba isiyo na mimi. Wiki ya pili tu nikaanza kumkosoa anavyopanga sufuria. Akaniambia, tena kwa upole, "Baba Eva, nakuomba siku tatu kwa wiki usiwepo." Nilinuna, halafu nikaona ana haki. Sasa Jumanne na Alhamisi napanda daladala hadi kihambani, yaani shamba la kahawa na migomba, kule Kibosho. Napogoa kahawa, naondoa majani makavu ya migomba, nazibua mfereji. Kule hakuna tambarare. Kupandisha ndoo za samadi ni mazoezi tosha ya miguu na mgongo. Kama huna kihamba, tumia kiti: simama na kukaa mara kumi bila kujishika kwa mikono, pumzika, rudia. Fanya hivyo angalau siku mbili kwa wiki. Usicheke, jaribu kwanza.

Siku nyingine natembea. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, napanda taratibu hadi Shanty Town kwenye miti. Wahi, maana alfajiri Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko wazi, ukichelewa mawingu yameshaifunika. Mwendo unaofaa ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Dakika 30 kwa siku tano zinakupa 150 kwa wiki, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri. Kifua kikibana, simama, tafuta hospitali, usijikaze kiume. Viatu nilinunua mitumba pale soko la Memorial. Vigeuze uangalie soli: ikiwa imelika upande mmoja, utatembea kama aliyevivaa kabla yako.

Presha naieleza kwa kirefu, kwa sababu wengi tunaipima vibaya. Ukiwa na mashine ya nyumbani, chagua ya kufunga mkono wa juu. Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa wala kuvuta sigara, na nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu usiipishanishe. Mkono ulale mezani, usawa wa moyo, bila shati katikati. Usiongee. Pima mara mbili kwa kupumzisha dakika moja, andika zote kwenye daftari pamoja na tarehe, umpelekee daktari. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, mara kwa mara, hiyo ni presha ya juu. Ikivuka 180 kwa 120 hata baada ya kupumzika na kurudia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama kifua kinauma, ulimi mzito au mkono umelegea, ondoka dakika hiyohiyo. Dawa usiache eti umepona. Namba imeshuka kwa sababu unameza.

Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyopikiwa. Mtori wangu sasa nautia limao na kitunguu cha kutosha. Ile chumvi ya pembeni ya nyama choma niliiaga kwa uchungu. Mbege sijaiacha, ni kata moja Jumapili. Macho, sukari, meno, na kwa wanaume tezi dume, muulize daktari wako akupangie vipimo.

Hela pia ni afya. Mkupuo wa mafao ukiingia, usinunue chochote kikubwa miezi sita. Mimi nilinunua Hiace ya daladala, maana dereva mstaafu atafanya nini kingine? Kijana niliyemkabidhi aliniletea hesabu majuma matatu, baadaye akaniletea stori. Usingizi ulipotea kabla ya gari. Kama pensheni yako ni ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, uhakiki wa wastaafu usiupuuze, malipo husimamishwa.

Wajukuu wapende, lakini panga siku. Nilikuwa nimegeuzwa teksi ya shule bila posho.

Jambo lililonisaidia zaidi sikulipanga. Kijiwe cha bodaboda karibu na kwangu kijana mmoja alianguka, breki ya nyuma ilikuwa imekwisha kabisa. Nikawaonyesha namna ya kuikagua kabla ya kutoka asubuhi. Jumamosi iliyofuata wakaniita tena, mara hii ni mnyororo. Sasa kila Jumamosi saa moja natakiwa niwe pale, na nikichelewa dakika kumi simu inalia: "Mzee, uko wapi? Tunakusubiri."