Nati ya eksel ya mbele inalegea kila ukikaza? Pitia hapa kabla hujaipeleka kwa mtu wa welding

Juzi dogo wangu kaniletea Toyota IST yake, nati ya eksel ya mbele kushoto (ile kubwa ya katikati ya gurudumu) imelegea mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Fundi wa kwanza alikaza tu, wa pili akaongeza washa (ringi bapa ya chuma chini ya nati), wa tatu akataka aipige welding kabisa, hapo ndo dogo akashtuka akanipigia. Tulishinda nayo Jumamosi nzima, basi naandika tulivyofanya asije mwingine akahangaika.

Dalili zake: ukiondoa gari unasikia "tak" moja, ukiweka rivasi "tak" nyingine. Ikiwa ni tak-tak-tak mfululizo ukikata kona, hiyo ni sivii joint (kiungo cha mwisho wa eksel kinachopeleka mzunguko kwenye gurudumu), habari nyingine.

Hatua ya 1: Toa nati, kanunue mpya

Boksi namba 30, paipu ndefu, gari bado iko chini. Ila kwanza inua ile kola ya nati (ukingo mwembamba wa nje) iliyogongewa kwenye mfereji wa shafti ili nati isizunguke, ukilazimisha hivyohivyo unakula thredi. Nati ya zamani tupa. Kola ikishagongwa mara mbili tatu haishiki tena, na bei ya nati ni ndogo ukilinganisha na beringi utakayoiua.

Hatua ya 2: Safisha

Brashi ya waya, petroli kidogo, thredi na uso wa habu (kile kitovu kinachofungwa gurudumu) pale nati inapokaa. Kutu na rangi vinabonyea taratibu, nati inabaki na nafasi.

Hatua ya 3: Kaza kwa kipimo

Mashine ya upepo mimi siiamini kwenye kukaza, kwenye kufungua sawa. Inapiga kelele nyingi halafu hujui umefika wapi. Kwa hii IST ya NCP60 kipimo ni 216 Nm. Huna toki renchi (spana yenye kipimo cha kukazia)? Chukua paipu, pima mita moja kamili kutoka katikati ya nati, funga ile mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, vuta mpaka isome kilo 22. Ndo hiyohiyo. Gurudumu liwe juu, gari iko kwenye stendi, mtu akanyage breki. Usikaze na uzito wa gari uko kwenye beringi, na usilisukume gari hata hatua moja nati ikiwa imelegea.

Kisha gonga kola iingie kwenye mfereji kwa panchi butu, sio patasi kali maana inaikata.

Hatua ya 4: Piga alama, hapa ndo penyewe

Chukua rangi ya kucha, chora mstari mmoja unaopita kwenye ncha ya shafti, nati na habu. Zunguka mtaani kilomita tano taratibu, rudi uangalie. Mstari ukikatika, nati inazunguka: kola haijashika au thredi zimelika. Mstari ukiwa umenyooka halafu mchezo umerudi, nati haina kosa, kuna kitu nyuma yake hakijabanwa au kimesogea. Mafundi wote watatu walikuwa wanapigana na nati, wakati kwa dogo mstari ulikuwa umenyooka kama rula.

Sasa hapo kuna mambo mawili, na yote yamewahi kunitesa.

La kwanza ni habu kutoingia mpaka mwisho. Hili lilinila siku mbili kwenye gari yangu miaka ya nyuma. Beringi ilibadilishwa kwa nyundo badala ya presi, habu ikaishia njiani, nikikaza inakataa kama imefika, nikitembea inaingia kidogo, nati inabaki hewani. Linganisha nafasi kati ya habu na nako (chuma kinachoshika beringi) ya upande huu na ule mwingine, ikitofautiana ujue ndo hilo. Dawa ni presi, na wakati wa kusukuma habu iingie, ringi ya ndani ya beringi ndo iegemezwe, ukiegemeza ya nje unazitia gololi makovu na beringi mpya inaanza kuvuma siku hiyohiyo.

La pili ndo lilikuwa la dogo. Alibadilishiwa sivii joint, meno yakaingia vizuri kwenye habu, kila mtu akaridhika, kumbe ni ya gari nyingine. Sehemu isiyo na thredi ilikuwa ndefu zaidi, kwa hiyo nati inafika mwisho wa thredi na kujikaza kwenye shafti yenyewe kabla haijabana habu. Mizani inasoma kilo 22 vizuri tu! Unadhani umekaza, kumbe nati inajibana peke yake. Ile washa ya fundi wa pili ilisaidia siku mbili, ikabonyea kama kifuniko cha sufuria, tena ilisogeza nati nje kola ikawa haifiki hata kwenye mfereji.

Jinsi ya kujua: toa shafti, isukume kwa gongo la mbao usigonge thredi. Ingiza nati kwa mkono, ule uso wake wa kubana uelekee kwenye bega la joint, mpaka igote. Pima kutoka kwenye bega mpaka kwenye uso huo. Halafu pima unene wa habu na beringi kwa pamoja, kutoka ringi ya ndani ya nyuma mpaka pale nati inapokaa. Kipimo cha shafti lazima kiwe kifupi kwa milimita kadhaa. Kwa dogo kilikuwa kirefu kwa milimita moja hivi, macho hayaoni. Usijazie kwa washa, rudisha hiyo joint dukani ukiwa na ya zamani mkononi, mzilaze sambamba muuzaji aone mwenyewe.

Hatua ya 5: Beringi

Ukishakaza, shika tairi juu na chini, tikisa, kisha lizungushe usikilize. Nati ikilegea muda mrefu beringi huwa inakwenda nayo. Ya dogo ilikuwa inavuma tayari, tukabadilisha beringi na ile joint kwa pamoja.

Baada ya kilomita mia fungua kifuniko cha rimu uangalie mstari tena. Wa dogo bado umenyooka, na safari hii gurudumu ukilitikisa halichezi.