Jinsi ya kupima kampuni ya vinanda iliyofufuka kabla hujatoa pesa

Mimi ni fundi wa vinanda vya umeme, na swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: hiki kinanda kipya chenye jina la zamani, ni chenyewe au ni jina tu? Huwa sijibu mpaka nijue jina hilo limepita mikononi mwa nani. Nawe anzia hapo.

Tuseme unaitazama kampuni ya Sequential. Dave Smith aliianzisha California mwaka 1974. Mwaka 1978 ikatoa Prophet-5, kinanda kinachopiga noti tano kwa pamoja na kuzihifadhi sauti ulizozitengeneza. Wapigaji wengi kabla ya hapo walikuwa wakiandika kwenye karatasi kila kitufe cha kuzungusha kimeelekea wapi. Mwaka 1987 Yamaha ikaichukua kampuni, na jina likalala. Smith alirudi sokoni mwaka 2002 na kampuni iliyobeba jina lake mwenyewe, kisha mwaka 2015 Yamaha ikamrudishia jina la Sequential. Aliyemwombea ni Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, kampuni ya vinanda ya Japani, mshindani wake wa miaka yote! Basi Prophet-5 iliyotoka tena mwaka 2020 ilisimamiwa na mtu yuleyule aliyebuni ya kwanza. Tom Oberheim, mbunifu mwingine wa vinanda, naye alirudishiwa jina lake na kampuni ya Gibson mwaka 2019, na kinanda cha OB-X8 kikatoka mwaka 2022. Hapo nakubali kampuni imefufuka. Ukikuta jina limenunuliwa tu na mbunifu hayumo, kinanda chaweza kuwa kizuri, ila usilipie historia.

Hatua ya pili ni kusoma mwongozo wa matumizi, achana na tangazo. Tafuta kinachotoa sauti humo ndani. Matoleo mawili ya mwanzo ya Prophet-5 yalitumia chipu (vipande vidogo vya umeme vinavyotengeneza sauti) za kampuni ya SSM. La tatu likahamia chipu za kampuni ya Curtis, na wapenzi wa vinanda wanabishana hadi leo lipi tamu. Toleo jipya limeweka filta (sehemu inayochuja sauti iwe kali au nzito) za aina zote mbili, na swichi ya kuchagua. Maelezo ya namna hiyo ndiyo unayoyataka. Ukiona sifa za “joto la zamani” tupu bila kutajiwa saketi, kuwa na shaka.

Kisha keti upige. Zima mwangwi na madoido yote, maana hayo huficha mengi. Chagua sauti iliyo wazi, bonyeza funguo tano tofauti moja baada ya nyingine, usikilize kama kuna noti inayotoka dhaifu au imepinda kuliko wenzake. Shikilia hizo tano, ongeza ya sita: kwenye kinanda cha noti tano, moja lazima ikatike. Halafu zungusha filta taratibu kutoka mwisho hadi mwisho. Mimi hufunga macho hapa, kwa sababu mbao nzuri za ubavuni hudanganya masikio.

Ukishawishika kununua cha zamani badala yake, ujue unanunua na kazi ya fundi. Betri ya ndani ikiisha, sauti zote zilizohifadhiwa zinapotea. Kinahitaji kupata moto kwanza ndipo ubonyeze kitufe cha kukifanya kijirekebishe noti zake. Chipu za SSM za enzi zile ni adimu. Kwa mtu anayetaka kupiga tu jukwaani, nampeleka kwenye kipya bila kusita.

Mwisho, tazama nani anaishika kampuni leo. Focusrite, kampuni ya vifaa vya sauti ya Uingereza, iliinunua Sequential mwaka 2021, na Smith akafariki mwaka 2022, kwa hiyo hata ufufuo wa kweli hubadilisha mikono. Waandikie kabla ya kulipa, uulize bei ya ufunguo mmoja na ya bodi ya umeme, na kama wanamuuzia fundi wa nje. Wakikwambia kila tatizo urudishe kinanda kizima kiwandani, jumlisha nauli hiyo kwenye bei.